Ishara Zisizotoka Kibenga

Watu wengine wana kisukari, wengine wana maumivu ya mgongo. Madamu Spéciose alikuwa na dharau. Aliamka nayo kila asubuhi nyumbani kwake Mutanga Sud, akanywa nayo chai, akashuka nayo mpaka Kibenga, kwenye shule ya viziwi ambako alikuwa amefundisha sayansi tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Hakuificha wala kuionea haya. Alisema dharau ni kama chumvi: asiyekuwa nayo hawezi kuonja kitu akajua kimeharibika.

Na vilivyoharibika vilikuwa vingi. Aliwadharau watu wanaompigia kiziwi kelele, kana kwamba ukiusemesha ukuta ukakaa kimya, dawa ni kuongeza sauti. Aliwadharau wageni walioshuka kutoka Kiriri kwa magari ya vioo vyeusi, wakiwa na mipira na peremende, wakajifunza ishara moja tu ya kusema asante, wakapigwa picha wakiwa wamekumbatia watoto wasiowajua majina, kisha wakaenda kula samaki kando ya ziwa. Aliwadharau wazazi waliomficha mtoto chumbani walipotembelewa. Lakini kuliko wote, aliwadharau walimu wanaofundisha huku wameugeukia ubao. "Huyo hafundishi watoto," alizoea kusema. "Anafundisha ubao, na ubao umeshafaulu."

Darasani kwake kulikuwa na sheria moja: mikono inayofanya kazi haisemi, na mikono inayosema haifanyi kazi. Mtoto asiyesikia ana macho mawili, lakini hawezi kuyagawa, moja litazame chupa inayochemka na jingine litazame mikono ya mwalimu. Kwa hiyo Madamu Spéciose alimimina, akanyamaza. Watoto wakatazama. Aliweka chupa chini, akafuta mikono, akangoja macho yote yarudi kwake, ndipo akaeleza. Mgeni aliyechungulia dirishani angemkuta amesimama mikono imelala, watoto wameikodolea macho chupa, akadhani mwalimu amesahau somo. Wakaguzi waliwahi kumwambia kwamba darasa lake limepooza. Aliwatazama kama mtu anavyotazama kitu kilichomgandia kiatuni.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo fahari ya darasa lile. Kitabu cha ishara kilicholetwa shuleni kutoka ng'ambo kilikuwa na ishara za nyanya, harusi na theluji, lakini kwa maneno ya sayansi kilinyamaza. Ilibidi neno litajwe kwa vidole, herufi baada ya herufi, mnyoo mrefu usio na maana. Madamu Spéciose alikataa minyoo. Watoto walifanya jaribio kwanza. Aliyelielewa jambo kabla ya wenzake alipendekeza ishara yake, na wenzake wakambishia mpaka ikubalike. Ikishakubalika, ilibaki mali yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuibadilisha bila kumwuliza mwenyewe.

Ishara ya maji kugeuka mvuke ilikuwa ya Moïse, na ilikataliwa mara ya kwanza, kwa sababu vidole vyake vilipanda kama moshi. Benite alimwambia kwa mikono mikali, "Maji hayaungui, we bwege. Unawaka moto wapi?" Moïse akarekebisha. Ishara ya mkandamizo ilikuwa ya Ghada. Moïse alikuwa ameshapendekeza kiganja kinachobonyea kutoka juu, na darasa lilikuwa karibu kukubali. Ghada akavaa glavu nyembamba iliyolegea, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, na glavu ikamganda mkononi pande zote, hata chini ya kiganja. Akautoa mkono, akaufuta, akatengeneza ishara yake: viganja viwili vinalizunguka tufe lisiloonekana, vinalibana kushoto na kulia, kisha juu na chini. Hakuna aliyebisha. Tangu siku ile, kila mtoto wa darasa lile aliyesema neno "mkandamizo" alikuwa analisema pamoja na maana yake, kwa sababu mikono haikuweza kulitamka bila kuzunguka.

Sasa Ghada, Moïse, Benite na mwenzao mmoja walikuwa wanamaliza mwaka wa tisa, na shule ya Kibenga ilikuwa inaishia hapo. Wote wanne walitaka kwenda kusoma sayansi. Lise moja, shule ya sekondari ya juu kwenye mteremko wa Kiriri, ilikuwa na sehemu hiyo, na mkuu wake, Bwana Sylvère, alikubali wahudhurie somo moja la majaribio kabla ya kuamua. Somo moja tu. Akiwakataa, mlango umefungwa.

Kwa Ghada mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Baba yake, Thabit, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na ukoo wake uliuza vitambaa mjini tangu enzi za babu waliotoka Omani. Alikuja Kibenga wiki chache kabla ya somo, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi magoti yakimgusa kidevu.

"Madamu, mi sina matata na wewe," alisema. "Wakimpokea, asome, inshallah. Wakimukataa, nisisikie tena hii habari ya sayansi. Duka iko, kiti iko, atakaa karibu na mama yake."

"Umemuuliza yeye?"

"Nitamuuliza na luga gani?"

"Ya kwake, Baba Ghada. Mtoto amekua nyumbani kwako. Paka wako ukitaka atoke nje unamwambiaje?"

Thabit alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona kwamba mwalimu hachekani naye.

Kwenye somo lile watoto wangehitaji mfasiri, na mfasiri aliyepatikana alikuwa Arnaud. Hapa dharau ya Madamu Spéciose ilipata mahali pa kulala. Arnaud alikuwa kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno. Alitafsiri ibada kila Jumapili na alionekana kwenye televisheni siku za sherehe, ndani ya kidirisha pembeni mwa picha. Watu wanaosikia walimpenda sana. Walisema mikono yake inacheza kama ndege. Madamu Spéciose alimwona mara moja tu akitafsiri, akasema ndivyo hasa, kijana anacheza. Alijua ishara ya neema, ya toba na ya ufalme wa mbinguni. Ya mvuke hakuijua.

Arnaud mwenyewe alilijua hilo, ndiyo sababu alikuja Kibenga.

"Madamu, nimesikia muko na ishara zenu za fizike," alisema mlangoni. "Naomba munionyeshe, nisije kuwaangusha watoto."

"We si mtu wa televisheni? Waulize wa televisheni."

Alirudi wiki iliyofuata. Aliambiwa darasa lina mtihani. Alirudi tena, na safari hiyo Madamu Spéciose alimfungia mlango kabla hajamaliza salamu, mbele ya watoto wote.

Ghada aliona. Baada ya darasa alimfuata mwalimu wake mezani. "Atatusemeaje kama hajui?" aliuliza kwa mikono.

"Mtaandika ubaoni. Nyinyi si wajinga."

"Ishara ya mkandamizo ni yangu. Naweza kumpa."

"Hapana," alijibu Madamu Spéciose. "Vitu vizuri havipewi kila mtu anayebisha hodi."

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwalimu aliujua mwiba, aliuona kwa macho yake, akaupita.

Siku ya somo ilipofika, Bwana Sylvère aliwapokea wageni mlangoni pa maabara. Alikuwa mwanasheria aliyepata ukuu wa shule kwa njia ambazo wanasheria huzijua, na alivaa tai nene kama ulimi wa ng'ombe. Aliinama mbele ya Ghada, akafungua kinywa mpaka magego yakaonekana, akapaza sauti, "Boon-juuur!" Ghada aliangalia meno yake kwa makini, kwa sababu hakuoneshwa kitu kingine.

"Mutoto ana haya," alisema Bwana Sylvère.

"Mtoto anakusubiri umalize," alisema Madamu Spéciose.

Mkuu wa shule hakupendezwa. Alimwonesha kiti cha nyuma kabisa. "Utakaa pale, Madamu. Na mikono yako nisiione ikitembea. Mi najua walimu. Sitaki magendo ya majibu hapa kwangu."

Basi akakaa nyuma, mikono mapajani, kama mtu aliyezibwa mdomo. Watoto wanne walikaa mbele. Arnaud alisimama upande wa dirisha, na mwalimu wa fizikia, Eddy, alisimama kwenye meza yenye jiko la gesi na debe dogo tupu la mafuta.

Eddy hakuwa mwalimu mbaya. Alikuwa mchangamfu na alipenda somo lake. Lakini alikuwa mwalimu wa wanaosikia, na maneno yalimtoka mfululizo kama maji kwenye bomba lililopasuka. Alitia maji kidogo ndani ya debe huku anasema. Aliwasha jiko huku anasema. Aliugeukia ubao akachora, huku anasema. Mvuke ulipotoka kwa nguvu mdomoni mwa debe, alizima moto, akakaza kizibo, akalisimamisha debe kwenye karai, akachukua jagi la maji baridi, bado anasema.

Arnaud alimkimbiza kwa vidole. Kila alipofikia neno asilokuwa na ishara yake, alilitaja herufi kwa herufi, na maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa mengi. Watoto wanne walibaki njia panda. Wakimtazama Arnaud, wanalikosa debe. Wakilitazama debe, wanamkosa Arnaud. Walikuwa wanyenyekevu, wakachagua kumtazama mfasiri, maana ndivyo walivyoambiwa. Arnaud alikuwa katikati ya neno "condensation", yaani mvuke kurudi kuwa maji, hajafika hata kwenye herufi ya "s", Eddy alipomwaga maji baridi. Debe likalia, likajikunja, likabonyea kama uso wa mzee asiye na meno. Darasa zima likapiga kelele za furaha. Watoto wanne waliona wenzao wanaruka, wakageuka, wakakuta debe limeshakufa.

Madamu Spéciose alimdharau Eddy kutoka nyuma kwa moyo wake wote. Ila alikwepa kumtazama Arnaud, na hakupenda kujiuliza kwa nini.

"Mimi ndiye nitauliza," alisema Bwana Sylvère, akasimama mbele kwa tai yake. "Nani amelivunja hili debe?"

Mvulana mmoja wa darasa lile alinyosha mkono. "Ni maji baridi, Direkta. Yamelipiga kutoka juu, yamelikandamiza."

"Très bien," alimsifu Bwana Sylvère. Eddy alitazama viatu vyake. "Sasa huyu binti wa Kibenga."

Arnaud alimtafsiria swali. Ghada hakuona debe likivunjika, lakini aliona lilivyokuwa kabla na lilivyo sasa, na alijua yaliyomo katikati. Alisimama. Aliuonesha mvuke ukitoka na kuifukuza hewa ya ndani, kizibo kikikazwa, mvuke ukirudi kuwa maji na kuacha utupu. Halafu viganja vyake vikazunguka, vikabana kushoto na kulia, juu na chini.

Macho yakamgeukia Arnaud. Arnaud alijilamba midomo.

"Anasema mvuke… nafikiri ni mvuke. Halafu kuna ishara siijui. Haiko mu kitabu."

"Kwa hiyo hajui," alisema Bwana Sylvère.

"Sikusema hivyo, Direkta."

"Nimesema mimi." Alimgeukia Madamu Spéciose akiwa na uso wa mtu anayeleta tanzia asiyoihuzunikia. "Umeona, Madamu. Mi sina ubaya. Lakini sayansi ni kitu ya masikio. Hawa mungewafundisha kushona, mikono yao ni mizuri."

Ghada hakusikia hayo, lakini uso wa Bwana Sylvère ulikuwa wa kusomeka kirahisi, hauna maneno magumu. Alikwenda ubaoni bila kuitwa. Alichora debe, akalizungushia mishale, yote ikielekea ndani: ya kushoto, ya kulia, ya juu, na mwishoni, kwa chaki iliyobonyezwa zaidi, ya chini.

Bwana Sylvère alicheka. "Na chini? Chini kuna karai na meza. Meza imekuwa hewa?" Darasa likacheka pamoja naye, kama madarasa yanavyocheka na wakuu.

Ghada aliona vicheko. Alichukua koleo, akaliinua debe kutoka kwenye karai, akalipindua mbele ya tai ya mkuu wa shule. Kitako chake kilikuwa kimebonyea kuelekea ndani kama sahani. Alilishika hapo. Mikono inayofanya kazi haisemi. Aliwaacha watazame mpaka watosheke, akaliweka chini, akafuta mikono, ndipo akarudia ile ishara yake polepole, na safari hii hata wale wasiojua ishara yoyote duniani waliisoma.

Vicheko vilikatika.

"Mwalimu?" Bwana Sylvère alimuuliza Eddy.

Eddy alimtazama bosi wake, akalitazama debe. Ilionekana wazi kwamba kati ya hivyo viwili, debe ndilo lililompendeza zaidi. "Ana haki, Direkta. Hewa iko pande zote. Hata chini inaingia, debe halikuganda kwenye karai."

"Na yule niliyemwambia très bien?"

"Yule amekosea. Maji yalipoza tu. Na… darasa langu karibu lote wangejibu kama yeye. Neno wanalijua. Hawakuwahi kuliona lina pande."

Sasa Bwana Sylvère alikuwa amefedheheka, na mkubwa aliyefedheheka hutafuta mdogo wa kumtupia mzigo. Alimpata karibu na dirisha. "We ni mfasiri gani? Mutoto anajua, wewe hujui. Unakuja hapa kutupungia mikono?"

Arnaud alifungua kinywa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya chumba, kwa mwanamke aliyemfungia mlango, kisha yakarudi. "Sikufundishwa, Direkta," alisema.

"Na nani?"

Arnaud aliinamia sakafu.

Madamu Spéciose angeweza kubaki amekaa. Aliomba moyoni kijana aseme, ili apate sababu ya kumdharau tena. Kijana hakusema. Aliendelea kutazama sakafu, shati lake zuri limelowa kwapani, akaubeba mzigo usio wake mbele ya darasa zima. Na mbele kabisa, Ghada alikuwa amegeuka, anamtazama mwalimu wake, akingoja.

Akasimama. "Na mimi," alisema. "Alikuja kuniomba ishara hizi zaidi ya mara moja. Nilimfukuza."

"Kwa nini?"

"Nilimdharau."

Kwa mara ya kwanza siku ile Bwana Sylvère alifurahi kwa dhati. Alikuwa amepata njia ya kutokea bila kuomba radhi. "Kumbe shida si masikio ya watoto," alisema, akiitafuna kila silabi. "Adui wa viziwi ni walimu wao. Sikia, Madamu. Septemba wanaingia, wote wane. Lakini wanaingia na huyu kijana. Siku watasema neno na yeye aniambie haiko mu kitabu, wanarudi Kibenga wote, na we mwenyewe utakwenda kumuelezea baba ya huyu binti."

Lilikuwa tusi lililofungwa ndani ya ndiyo. Madamu Spéciose alilipima, akaona ndiyo ni kubwa kuliko tusi, akalimeza. Hata hivyo hakuweza kutoka bila kuacha kitu. Alipompita Eddy alisema, "Na wewe, ukimwaga, nyamaza. Ukitaka kusema, weka jagi chini. Hutakufa."

"Ndiyo, Madamu," alisema Eddy, na alionekana kumaanisha.

Nje, Thabit alikuwa anangoja kando ya gari lake, kofia mkononi. "Wamemukataa?" aliuliza, kama mtu aliyeshajipangia jibu.

"Wamempokea."

Thabit alimtazama binti yake. Mikono yake ilipanda mpaka kifuani, ikapotea njia, ikashuka. "Mi namuambia nini sasa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Namuambia namna gani?"

Madamu Spéciose alikuwa na jibu kali tayari ulimini. Alimwonesha ishara ya kumpongeza mtoto badala yake, mara moja, haraka, bila kupunguza ukali wa uso. Thabit aliirudia vibaya. Ghada alimshika vidole, akavinyoosha.

Jumamosi iliyofuata Arnaud alikaa katikati ya darasa la Kibenga, na wanne wakamzunguka. Kwa desturi, kila ishara ilitolewa na mwenyewe. Moïse alimpa mvuke, Benite akampa joto, na Ghada akampa mkandamizo, au alijaribu kumpa, kwa sababu viganja vya Arnaud vilisahau upande wa chini kila mara. Ghada alimpiga kofi mkononi. Akarudia, akasahau tena.

"Anacheza," alisema Madamu Spéciose kutoka mezani kwake.

"Nisamehe, Madamu," alisema Arnaud. "Kanisani tunaangalia juu tu."

Madamu Spéciose alikitafutia kicheko chake mahali pa kukificha, akakosa, akakohoa. Mpaka adhuhuri kijana alikuwa amepata chache, na orodha ya zilizobaki ilikuwa ndefu kuliko likizo.

"Kesho uje," alimwambia.

"Kesho Jumapili, natafsiri ibada mbili."

"Uje ukimaliza. Ghada atakuwa hapa."

"Na wewe, Madamu, utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Madamu Spéciose. "Nisipokuwepo, nani atakucheka?"